Sauti Aliyoificha Rugemalira

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka migombani, Rugemalira aliwasha gari la kijiji cha Kishanda. Lilikuwa gari kuukuu la dizeli. Lilipeleka kahawa Muleba na wagonjwa Bukoba. Kijiji hakikuwa na jingine.

Siku moja lilianza kugonga. Ko, ko, ko. Mlio mkali, wa chuma kwa chuma.

"Dereva, kuku gani anadonoa humo?" aliuliza Georgina, akiwa juu ya magunia ya kahawa.

Abiria walicheka. Rugemalira naye alicheka, lakini kwa hofu. Gari lilikuwa mali ya kijiji kizima. Kikao kingesema yeye ndiye aliyeliharibu. Basi akachukua maganda makavu ya mgomba, yale ya kufungia kahawa ya kutafuna, akayashindilia chini ya boneti. Mlio ukafifia. Kuku akasahauliwa.

Wiki ya tatu, Kokushubila alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe, Projestus, alimpakia garini. Kwenye mlima wa Muhutwe gari lilifuka moshi, likazima, lisiwake tena. Wanaume walikata miti, wakamlaza mama kwenye machela. Rugemalira alishika pembe moja mpaka bega likachubuka. Walifika hospitali jua likizama. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Projestus hakumtukana. Alimshukuru kwa kubeba. Shukrani hiyo ilimwinamisha Rugemalira kuliko tusi lolote.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi Muhidini, mjini Bukoba. Fundi alifungua boneti, akavuta maganda yaliyoanza kuungua kingoni. Akauliza nani aliyeyaweka.

"Mimi," alisema Rugemalira. "Niliona aibu."

"Nozeli moja ilikuwa inadondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza," alisema Muhidini. "Ilikuita wiki tatu. Wewe ukaiziba mdomo. Sasa imetoboa pistoni."

Injini ilipotengenezwa, fundi alimfundisha. Ukisikia mlio mgeni, simama, zima, pima oili kwanza. Kisha washa, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, weka mpini sikioni. Kishindo kizito kutoka chini, zima mara moja, usiende hata hatua moja. Mlio mwepesi wa kugonga juu, huenda ni vali. Mlio mkali wa chuma, tafuta nozeli. Injini ikinguruma polepole, funika nati ya bomba la nozeli moja kwa kitambaa, uilegeze kidogo kwa spana. Kaza, nenda kwa inayofuata. Ukilegeza moja na mlio ukapotea, hiyo ndiyo mbovu. Ila usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka, hupenya ngozi.

Rugemalira alirudi kijijini, akasimama kikaoni, akaeleza yote, maganda pia. Hakuinua macho. Kikao kiliamua aendelee kuendesha, na kila mlio mgeni autaje siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata alisikia mlio tena. Alilaza gari siku mbili, akabadilisha nozeli. Watu walinung'unika, kahawa ikasubiri.

Siku ya tatu alikuja Kokushubila, mjamzito tena, uchungu umeanza, Projestus akimshika mkono. Mama alisimama mbele ya gari, hakupanda.

"Waitu, tafadhali, fungua nione," alisema.

Rugemalira alifungua boneti. Ndani mlikuwa na chuma tupu, hamna maganda. Kokushubila alitega sikio injini ikinguruma, kwa muda mrefu, kisha akapanda.

Walivuka mlima wa Muhutwe. Jioni, hospitalini, mtoto alilia. Nje, Rugemalira alisikia, akavua kofia.