Pumzi za Mhina

Kifuani mwa Kibibi, mtoto wa miaka mitano, pafubandia lilikuwa likifanya kazi yake kimyakimya. Lilikuwa dogo kuliko kiganja cha mama yake, limeshonwa chini ya ngozi, na kila Kibibi alipotaka hewa, ubongo wake ulituma ishara, nalo likavuta. Vumbi la viwanda lilikuwa limekula mapafu ya watu wengi wa Tanga Mpya, wakubwa kwa wadogo, na sasa hao hao walikuwa wakikimbizana na kucheka kama si wao. Watu walikwisha kusahau kushangaa. Ndivyo tulivyo binadamu: tukiona vyaelea, tunadhani vimeota vyenyewe.

Mama yake, Mwanamvua, alijua kwamba vimeundwa. Alikuwa mhandisi katika karakana iliyoandika msimbo, yaani yale maandishi yanayolifundisha pafubandia namna ya kupumua. Msimbo wote ulikaa katika ghala moja la mashine, lenye kukumbuka kila mstari na jina la aliyeuandika. Ghala hilo lililindwa na akili mnemba iliyoitwa Mtunzaghala, isiyolala wala kula, na isiyojua utani.

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, Mwanamvua alifungua ghala arekebishe kijikosa kidogo. Folda ya Usingizi haikuwepo.

"Sufiani, hebu njoo," alimwita mwenzake wa meza ya pili. "Kwako unaiona Usingizi?"

"Labda umeingia tawi jingine," Sufiani alisema. Tawi ni nakala ya kazi ambayo mtu huichezea pembeni asiharibu ile kuu.

Mwanamvua akatazama matawi yote. Akatafuta faili zilizofichwa, akahakikisha ruhusa yake haijafungwa, kisha wakafungua mashine ya Sufiani. Hola. Mwanamvua akamwuliza Mtunzaghala.

"Faili za Usingizi zimefagiliwa jana," Mtunzaghala alijibu. "Hazikuwa na mwenyewe."

Wakatazamana. Faili zile zilikuwa za Mhina, na Mhina alikuwa amefariki.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Mwenzao akifa, siku ya kuanua matanga husoma dua, kisha hugawana vitu vyake ili pasibaki cha kumtonesha mtu kidonda. Kikombe cha Mhina kilipata mtu, kiti kikapata mtu. Likabaki jina. Kila walipofungua kazi zake kioo cha kompyuta kiliwaambia, "Mhina ameandika mstari huu," na watu wakashtuka kama waliogongewa mlango na marehemu. Basi wakakubaliana wote, kwa nia njema kabisa, wakamwambia Mtunzaghala alifute. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwa Mtunzaghala, faili isiyo na mwenyewe ni taka.

"Na nakala za zamani?" Mwanamvua aliuliza.

"Taka haitunzwi."

"Toleo la leo asubuhi je?" Sufiani aliuliza.

"Limesambazwa. Mapafubandia yote ya mji yamelipokea na kufuta la zamani, isipokuwa moja lililozimiwa mawasiliano."

Mwanamvua aliogopa woga ambao hakuwahi kuujua. Mtu akiwa macho, ubongo wake huliongoza pafubandia. Akilala, ishara hufifia, na hapo faili za Usingizi ndizo hushika usukani. Bila hizo, pafubandia husubiri amri isiyokuja. Na shuleni kwa Kibibi, watoto walilala kila siku baada ya chakula.

Akampigia mwalimu.

"Mama Kibibi, mbona wameshalala?" Mwalimu Eliwaza alinong'ona.

"Mwamshe. Waamshe wote, mwalimu, nakuomba."

Alisikia kandambili zikienda haraka. Akasikia jina la mwanawe likiitwa, likaitwa tena kwa sauti iliyoanza kutetemeka. Kisha kikohozi, na kilio.

"Ameamka, na wenzake pia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, mama. Kuna nini?"

"Asilale tena. Waimbishe, wachezeshe, wamwagie maji. Yeyote asilale."

Sufiani alikuwa tayari anatangazia mji mzima. "Hilo pafubandia moja ni la Bi Tabia, mjane wa Mhina," alisema bila kuinua kichwa. "Tangu akae eda amezima kila kitu. Nenda wewe. Mimi mwanamume siwezi kuingia kule."

Mwanamvua alichukua waya na kompyuta ya mkononi, akakimbia. Njia nzima alimsikia Kibibi kwenye simu sikioni, akiimba kivivu katikati ya wenzake, na kila mtoto alipokatisha wimbo ili apige mwayo, yeye alizidisha mbio.

Bi Tabia alikuwa ameketi juu ya mkeka, amevaa nguo nyeupe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hodi yako imenitisha, mwanangu. Kumbe unayo haki ya kutisha." Akafunua kifua, pale penye tundu la waya. "Mlipogawa vitu vyake, baiskeli mliniletea. Kanzu mliniuliza nimpe nani. Hizi pumzi hamkumwuliza mtu. Unajua alizipata wapi? Alikuwa akikesha, amenitegea sikio nikilala, anaandika."

"Bibi, nikiunganisha waya, lako nalo litachukua lile toleo bovu. Hutaweza kulala mpaka tutengeneze jipya."

"Tangu afe nalala kwani? Unganisha."

Faili zikatoka, moja baada ya nyingine. Alipozipeleka ghalani Mtunzaghala alizirudisha. "Hazina mwenyewe. Mwandishi Mhina hayupo."

"Ana warithi," Mwanamvua alisema. "Andika Tabia, mkewe."

Mtunzaghala akaandika, akapokea. Toleo jipya likaruka mji mzima. Mwanamvua alilia waziwazi mbele ya mjane, na mjane, ambaye ndiye aliyestahili kuliwazwa, akamshika mkono.

Alasiri alimkuta Kibibi kwenye busati la darasani, amechoka na nyimbo. Mtoto akalala mapajani pake. Mwanamvua aliweka kiganja kifuani pale, akasubiri. Pafubandia likavuta, likatua muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mtoto, likashusha pumzi. Pumzi ya Bi Tabia, kama mumewe alivyoisikia. Hata hivyo hakuthubutu kuondoa mkono.

Simu ikalia. Alikuwa Mtunzaghala.

"Taarifa kutoka mtaa wa Majengo. Mzee Kilua, mtumiaji wa pafubandia, alijinyoosha baada ya chai ya saa nne. Hakuamka."

Mwanamvua alifumba macho. Saa nne yeye alikuwa bado hajafungua hata ghala.

"Kwa utaratibu mliouweka kuhusu marehemu," Mtunzaghala aliendelea kwa upole uleule, "nifute jina lake?"