Mate ya Natalie

Glasi ya maji matupu ndiyo iliyokosea kwanza.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, meza ya nne, karibu na dirisha. Milcah Owuor alikuwa amepanga glasi tano kwenye kila meza, kama alivyofanya kila Novemba tangu aajiriwe katika maabara ya kemia ya chuo kimoja cha Stockholm. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walidondosha maji ya kabeji ya zambarau katika kila glasi na kuandika walichokiona. Kwenye siki yakawa mekundu. Kwenye limau, waridi. Kwenye magadi, buluu. Kwenye sabuni ya kufulia, kijani. Kwenye maji ya bomba yalitakiwa kubaki zambarau.

Pale meza ya nne yalibaki zambarau kwa dakika moja. Kisha yakageuka waridi, yakageuka kijani, yakarudi zambarau. Hakuna aliyeyagusa.

"Milcah, hii imeharibika," alisema Rebecka, mwanafunzi aliyekuwa na kalamu mkononi. "Tena inanuka."

"Ni kabeji. Ulitaka inuke nini?"

"Kabeji naijua, tunaila kila Krismasi. Hii inanuka mtu."

Darasa likacheka. Milcah aliinama akanusa. Chini ya harufu ya kabeji kulikuwa na nyingine, ya maji aliyoogea mtu mwenye homa, yakaachwa kwenye beseni siku tatu. Juu ya maji palikuwa na utando. Utando ulipanda na kushuka taratibu, kama ngozi ya koo la mtu anayemeza.

"Kuna aliyetia kidole," alisema, akayamwaga kwenye sinki na kufungulia bomba.

Wakati huo Natalie, binti yake, alikuwa ameshakunywa.

Kila mwaka Milcah alianza somo hilo kwa onyesho lake dogo. Aliwatoa wanafunzi maabara, kwa sababu humo ni marufuku kula au kunywa, akawapeleka kwenye jiko la wafanyakazi na kunywa kikombe cha maji ya kabeji mbele yao. Alitaka wajue kwamba rangi si lazima iwe sumu. Ndiyo maana maji hayo aliyachemshia nyumbani kwake, kitongojini Tumba, katika sufuria ya chakula, wala si katika vyombo vya maabara.

Mwaka huu onyesho liliangukia wiki ya maombi kanisani kwao, naye alikuwa amefunga. Kikombe alimpa binti yake. Natalie alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wake pekee, na mwanafunzi katika darasa lilelile. Alikunywa kikombe chote, akatoa ulimi wa zambarau, wenzake wakapiga makofi.

Jumatano asubuhi Natalie alikuwa anakula mala, maziwa ya mgando. Kijiko kilipotoka mdomoni kilivuta uzi wa mate wa waridi, mrefu, usiotaka kukatika. Uzi ukaangukia bakuli, ukajikunja.

"Piga mswaki," Milcah alimwambia.

"Nimepiga mara mbili," Natalie alijibu kwa Kiswidi. Alikielewa Kiswahili chote cha mama yake, lakini alizaliwa Stockholm na hakuwahi kumjibu kwa lugha hiyo.

Alhamisi aling'ata yai la kuchemsha. Pale meno yalipopita, ute mweupe uligeuka kijani, na ule ukijani ukasambaa hadi yai zima likawa kama kitu kilichotolewa mtaroni. Natalie alilitazama, akalitia lote mdomoni. Milcah alikimbilia chooni akatapika maji matupu, kwa maana alikuwa bado amefunga.

Muuguzi wa zahanati aliuangalia ulimi kwa tochi. Alisema ni rangi ya mboga, haina madhara, anywe maji. Milcah angesema vivyo hivyo kwa mtoto wa mtu mwingine. Lakini alijua pia kwamba rangi ya kabeji haikai mdomoni siku tatu, na haimwachi mtu amekonda mashavu kiasi hicho.

Ijumaa giza liliingia saa tisa na nusu alasiri, kama kawaida ya Novemba. Natalie alikuwa amelala chumbani. Milcah, akiwa jikoni, alisikia mtu anafyonza. Ilikuwa sauti ya mzee anayekunywa chai ya moto kwenye kisahani, anafyonza, anapumzika, anafyonza. Alifungua mlango wa chumba. Mto wa Natalie ulikuwa umelowa madoa ya rangi zote tano, na msichana alikuwa amelalia ubavu, macho wazi, akinyonya pembe ya foronya kwa pupa, mate yakimtiririka shavuni, yakiingia sikioni na kujaa humo, naye hayafuti.

"Natalie."

"Tamu," alisema. Kwa Kiswahili. Kwa sauti ya mwanamke mzima, na lafudhi ya pwani ambayo hakuna mtu katika ukoo wa Owuor aliyewahi kuwa nayo. "Lakini yapungua. Nichemshie mengine, mwanangu."

Kengele ya mlango ililia. Alikuwa Conrad, jirani wa ghorofa ya chini, Mganda aliyeishi pale na mkewe Damalie. Alikuwa ameziba pua kwa mkono wa sweta.

"Mama Natalie, samahani, harufu imefika mpaka kwetu, nika..." Alikuwa ameiona sufuria kubwa ya alumini juu ya jiko. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Chumba cha takataka, huko chini. Nzima kabisa. Nilihitaji kubwa ya kuchemshia kabeji."

Conrad aliegemea ukuta. Alizungumza kwa kunong'ona, akitazama sakafu. Mkewe alikuwa amesumbuliwa na pepo tangu Agosti. Mama mmoja wa Tanga, Bi Aida, alikuja akamfukiza kwa sufuria ile mpaka pepo akatoka na jasho, akaingia majini.

"Alisema tuitoboe, tuimwage na kuitupa njia panda, usiku, bila kugeuka nyuma."

"Sasa?"

"Njia panda iko wapi hapa? Kuna mzunguko wa magari na kamera ya polisi. Maji nilimwaga chooni. Sufuria nikasema, gari la taka linakuja Jumatatu."

"Hukuitoboa."

"Ilikuwa mpya, Mama Natalie."

Milcah mwenyewe aliichukua kwa sababu hiyohiyo.

Bi Aida alikuja Jumamosi mchana, kwa treni moja kutoka Märsta, bado amevaa suruali ya kazi ya usafi wa uwanja wa ndege. Mkononi alikuwa na mfuko wa dukani. Alivua viatu mlangoni, akanusa, akakunja uso.

"Wewe mlokole, utaniamini?"

"Mwokoe mtoto wangu, Bi Aida. Nikuamini nisikuamini."

Alichemsha maji safi katika sufuria ileile, akamketisha Natalie mbele yake na kumfunika shuka. Kisha akatandika sakafuni vitambaa vitatu: cheupe, chekundu, cheusi.

"U nani?" aliuliza.

"Mgeni," ilijibu ile sauti chini ya shuka.

"Umemwingiaje mtoto wa watu?"

"Sikumwingia. Nimenywewa."

"Wataka rangi gani utoke? Chagua."

Kicheko kilikuja na mapovu. "Mama yake kanionyesha rangi tano asubuhi moja. Wewe waniletea vitambaa vitatu, Aida?"

Bi Aida alimgeukia Milcah, na kwa mara ya kwanza alionekana hana uhakika. "Huyu amezoea vya kwako. Mpangie, avifuate."

Milcah alipanga glasi kuizunguka sufuria, siki, limau, magadi, sabuni, zote kama za Jumanne, na kabla hajaweka ya mwisho Natalie alianza kukohoa, akakohoa mpaka mgongo ukapinda, na kutoka chini ya shuka ukashuka uzi wa mate mnene kama kidole, mwekundu, kisha waridi, kisha buluu, ukishuka bila kukatika, ukiyumba juu ya mvuke kana kwamba unachagua njia, ukinuka beseni na homa na kabeji iliyooza, ukaingia ndani ya sufuria kwa mlio wa kitu kinachofyonzwa, na maji yaliyokuwa hayana hata jani moja yakageuka zambarau toka chini hadi juu, yakaota utando, na utando ukameza.

"Ametoka," alinong'ona Bi Aida, akimvuta Natalie pembeni. "Usiguse. Tunayachukua hivi hivi tukiyaona, mpaka ziwani. Rangi ikiisha humu tujue amebaki huku nyuma. Ikiendelea, yuko nasi."

Lakini Milcah alikuwa anautazama ule utando. Palikuwa na nywele ndani yake, na nywele zilikuwa za Natalie. Alifungua dirisha, akashika chupa ya klorini iliyokuwa chini ya sinki, akaimimina yote.

Zambarau ikafa papo hapo. Maji yakawa ya manjano kidogo, kisha meupe, kisha hayana kitu. Utando uliyeyuka. Harufu nayo ilikwisha, ikabaki ya klorini.

"Umefanya nini?" aliuliza Bi Aida.

"Nimemmaliza."

"Umemaliza rangi." Mama yule alichuchumaa, akatazama ndani ya sufuria, kisha akamtazama Natalie aliyelala sakafuni akipumua vizuri. Akatazama tena sufuria. "Nilikuwa namwona alikotoka na alikoingia. Sasa nionyeshe yuko wapi."

Kila mwaka Milcah aliwaambia wanafunzi jambo hilohilo kabla hawajagusa glasi: rangi si asidi, rangi inatoa habari tu, ukiiondoa, asidi iko palepale.

Waliyapeleka yale maji ziwani wakayamwaga. Hakuna aliyejua walikuwa wanamwaga nini.

Natalie alipona. Mashavu yalijaa, akarudi chuoni, akarudi kumjibu mama yake kwa Kiswidi. Kijiko kilitoka mdomoni kisafi. Baada ya wiki moja Milcah alinunua kabeji nyingine na sufuria mpya, akachemsha, akaweka kikombe cha maji ya zambarau mbele ya binti yake.

"Tema humu. Mara moja tu."

"Mama, acha. Inachukiza."

"Mara moja, mwanangu."

Natalie alitabasamu akiwa amefumba midomo. Akaondoka mezani.

Ni wiki ya tatu sasa. Asubuhi Milcah husimama kwenye korido, nje ya bafu, akiwa na kikombe. Husikia bomba, husikia mswaki, husikia maji yakisukutuliwa shavu hili na lile, kwa muda mrefu. Kisha husubiri mate yapige sinki.

Natalie humeza.