Karata Zisizoshika Mafuta

Kitu ambacho kingepaswa kumshtua Vidole mapema, pale saluni kwake, ni mafuta. Mikono ya msusi haikauki. Leo mafuta ya nazi, kesho glisarini, keshokutwa ile jeli ya kulaza nywele, na chochote anachogusa kinabaki na alama, iwe simu, iwe kikombe, iwe kitasa cha mlango. Lakini zile karata alizishika kutwa nzima, wiki baada ya wiki, na hazikupata doa hata moja. Yeye alifurahi tu.

Na zilikuwa nzuri, tusimwonee. Zilikuwa karata za taroti, zile za kutazamia mambo ya mtu, zenye picha za mfalme, mnara, jua, mwezi na wengineo. Pakiti yake ya kwanza, aliyoinunua ili kuwachangamsha wateja wanaosubiri zamu, ilimtoa jasho. Karata zilikuwa kubwa kama jalada la daftari, hazishikiki kwa mkono mmoja, pembe zimechanika, picha zimejaa vikorokoro, na kila akifunua moja ilibidi akimbilie kijitabu cha maelezo huku mteja akimcheka. Hizi za sasa aliachiwa na mpita njia, mwanamke mpole ambaye kichwa chake kilibaki baridi hata baada ya kukaa chini ya draya, mashine ya kukaushia nywele. "Chukua, zitakufaa," alisema, na hakuonekana tena.

Zilienea kiganjani. Pembe zake zilikuwa za mviringo, karatasi yake ngumu ila inapinda, hazitelezi ovyo wala hazigandani, ukizichanga zinatii. Mgongoni pambo lilikuwa lilelile juu na chini, hujui ipi imegeuka mpaka uifunue. Picha nazo zilikuwa wazi, mtu mmoja, jambo moja, hata mtoto angekisia maana. Kijitabu cha nini tena? Zikakaa kwenye mfuko wa aproni pamoja na vitana.

Sasa hapa ndipo penye aibu, na bora tuiseme. Karata hazikumwambia Vidole kitu. Mwanamke akiwa chini ya draya, lile kofia kubwa linalovuma, hasikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo akimnong'oneza shoga yake ananong'ona kwa kupayuka. Wasusi wote wanalijua hilo, na wenye adabu hujitia viziwi. Vidole aliacha kujitia kiziwi. Alisikia nani kagombana na mama mkwe, nani anaumwa nini, kisha mteja akitoka kwenye draya anamfunulia karata na kumtajia mambo yake taratibu, macho kayafumba nusu. Wateja walishika vinywa. Saluni ikajaa hadi barazani.

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Harufu ya nywele zilizoungua ilitokea hata pasi ya nywele ikiwa haijawashwa. Aproni ikiwa imetundikwa msumarini, karata zilisikika mfukoni zikijichanga zenyewe, fyu, fyu, fyu, halafu kimya. Na Vidole mwenyewe alishikwa na njaa ambayo chakula hakikuitoa. Ilitulia pale tu alipotoa siri ya mtu.

Jumamosi moja akaja wifi yake, mke wa kaka yake. Huyu hakuwa wifi wa kuviziana. Vidole alipoachwa na mume, wifi ndiye aliyempa chumba nyumbani kwake, akawa analala naye kitanda kimoja mpaka kilio kilipokatika. Siku hiyo alikuwa amesukwa mistari nusu ya kichwa, nusu nyingine inasubiri, akawekwa kwenye draya. Humo akamwambia shoga yake aliyekuja naye, kwa mnong'ono ambao hata walio ng'ambo ya barabara wangeusikia: "Naenda kujifunza kusoma. Mume wangu hajui, miaka yote anadhani najua. Nimefika kwenye silabi, shoga yangu. Nikimaliza nitamsomea gazeti ashangae."

Vidole aliapa moyoni kuwa hilo hataligusa. Wifi akatoka kwenye draya, wateja wakasema mtazamie na wifi yako basi, wifi akacheka, akakubali, na mkono wa Vidole ukaingia mfukoni kabla hajauruhusu, ukachomoa karata, ukaifunua, na hapo palikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye kiti, kitabu mapajani, amegeuka kichwa chini miguu juu, na harufu ya kuungua ikatanda mpaka wengine wakakohoa, na Vidole akahisi ulimi wake unanyanyuliwa na kidole kisicho chake, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa raha, "Namwona mwanamke anashika kitabu juu chini, anaidanganya nyumba nzima kwamba anasoma."

Walicheka wakavunjika mbavu. Mmoja akamtupia wifi gazeti, kwa utani tu, akasema, "Haya wifi, tusomee tusikie." Wifi akalishika. Hakusema neno, na kadiri alivyokaa kimya ndivyo kicheko kilivyopungua, hadi wote wakaelewa. Akajifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akatoka bila kumtazama Vidole. Afadhali angemtukana.

Jioni, Vidole akifagia nywele peke yake, draya ikaanza kuvuma. Waya wake ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni. Alisogea, hakutaka kusogea lakini alisogea, na ndani ya lile kofia, chini kwa chini, ilikuwepo sauti ya wifi yake ikisoma kwa kusitasita, ba, be, bi, inakosea, inarudia, ba, be, bi, bo, na kila silabi ikiisha kulisikika mtu anatafuna, taratibu, mdomo umefungwa, ananyamaza, anameza, kisha anasubiri inayofuata. Vidole alidondosha ufagio akakimbia, na mlango hakuufunga.

Kesho yake kaka yake akamfuata. Hakuja kugomba. "Nimemwambia hakuna neno, nitamfundisha mwenyewe," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Lakini herufi zimemtoka zote, dada. Hata a haijui tena. Anaitazama, analia."

Vidole akasema pole. Hilo tu. Uso ulimshuka, akajishughulisha na kukunja mataulo ambayo yalikwishakunjwa.

Aliyemwendea ni fundi wa kutengeneza cherehani mbovu, mtu mkavu ambaye pia hutoa mashetani akipata nafasi. Alimsikiliza huku skrubu ziko mdomoni, hakuinua macho.

"Habari hizo alizijua nani, karata au wewe?"

"Mimi," Vidole alinong'ona. "Nilisikiliza."

"Basi. Jini huyo anakula yaliyofichwa. Hana masikio, anatumia yako. Ndiyo maana alikuja akiwa kitu cha kufaa, kinachokaa vizuri mkononi. Angekuja na meno ungemshika?"

"Nizichome?"

"Utazichoma. Lakini kwanza, mbele ya walewale waliocheka, mwambie wifi yako ulisikiliza chini ya draya. Useme kwa kinywa chako. Alichokula atakitapika, na herufi zitamrudia mwenyewe." Akatema skrubu kiganjani. "Ukilificha hilo, karata zitaungua, naye atatafuta pengine pa kukaa. Hatakwenda mbali."

Vidole alimbembeleza wifi, na Jumamosi wifi akaja. Saluni ilijaa walewale waliocheka. Karata zilikuwa kwenye ndoo ya bati, zimemwagiwa mafuta ya taa, safi vilevile. Vidole akasimama na kiberiti. Aliyatazama macho ya wale wanawake, na hapo ndipo alipoona asichokuwa amekifikiria. Akilisema hilo, kila mwanamke pale angekumbuka alichowahi kunong'ona chini ya draya. Wangejua wote. Angekuwa nani tena mbele yao?

"Wifi, ile siku mimi ni..." Wifi alikuwa akimtazama kwa matumaini. "Mimi nilikuwa sijui kwamba karata hizi zina shetani. Ndizo zilizosema, wifi. Si mimi."

Akawasha. Zikaungua vizuri kabisa, na wanawake wakapiga makofi.

Wifi alimkumbatia mbele ya watu, analia. "Nilijua. Nilimwambia kaka yako, wifi yangu hawezi kunifanyia vile." Vidole alitamani ardhi ipasuke immeze. Bado alikuwa na nafasi ya kusema, maneno yalikuwa mafupi tu, na hakuyasema. Akampigapiga mgongoni.

"Na herufi?" aliuliza baadaye, kwa hofu.

"Hazijarudi. Basi, yameisha." Wifi akamvuta nyuma, kwenye masinki, mbali na wateja. Akashusha sauti. "Kuna jambo jingine sijamwambia mtu, hata kaka yako. Linanila. Nikuambie wewe, maana sina mwingine ninayemwamini."

Vidole alitaka kumwambia asimwambie. Alitaka kwa moyo wote. Lakini kichwa chake kilikwishainama, sikio limesogea mdomoni mwa wifi, na mate yalikuwa yamemjaa kinywani.