Kipande cha Ooko

Mwili wa Sitati ulikutwa Jumapili asubuhi, umelala kifudifudi kando ya meza, katika nyumba yake ya chumba kimoja mtaani Bondeni. Alikuwa amepigwa kisogoni kwa pasi ya makaa. Mezani palikuwa na sahani mbili zenye makombo, na kwenye kisosi, theluthi moja ya chapati ambayo haikuguswa.

Askari wa kwanza kufika hawakujisumbua kufikiri. Chapati zilifungwa kwa kurasa za daftari lenye jina la Natasha, binti wa Akeyo, mjane anayepika chapati mtaani humo. Majirani walisema Akeyo aligombana na marehemu wiki hiyo. Basi akatiwa ndani, na Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Natasha, kidato cha pili, akaachwa peke yake.

Inspekta Chepkosgei hakuridhika. Sitati alinunua chapati za Akeyo kila siku, na karatasi peke yake haiui mtu. Kwenye mpini wa pasi palikuwa na alama ya kidole chenye mafuta, na haikuwa ya Akeyo.

Akamfuata seli.

"Mligombania nini?"

"Nilimuuliza mume wangu aliuawa kwa nini kule Somalia, madam. Akalia tu. Akasema atasema yote kanisani Jumapili."

Bondeni nzima ilijua habari hiyo kwa juujuu. Miaka kumi na miwili iliyopita, Sitati, rafiki yake Ogada, na Ooko, mume wa Akeyo, waliajiriwa kwenye meli ya uvuvi. Maharamia waliwateka. Ooko, mpishi wa meli, hakurudi.

"Ulimwambia nani?"

"Shemeji Ogada pekee. Nilimpigia simu. Yeye ndiye ametulea, alimfundisha Natasha hata baiskeli."

Chepkosgei akamwonyesha picha ya kisosi. Akeyo akaiangalia, machozi yakamtoka. Huko utekwani, alisema, wale watatu walipewa chapati moja kwa siku, nao waliigawa. Ogada alimweleza kwamba hata Ooko alipokufa, waliendelea kumwekea kipande chake.

Saa nane mchana Chepkosgei alikuwa Gilgil, ambako Ogada huuza vitunguu kando ya barabara. Ogada alisikitika sana kuhusu Sitati. Akaapa kwamba tangu Ijumaa hajatoka Gilgil.

Inspekta akamkaribisha chai na chapati kwenye kibanda cha jirani, akamuuliza habari za vitunguu. Ogada akazungumza huku akirarua chapati vipande vitatu. Kipande kimoja akala. Cha pili akamsogezea mgeni wake. Cha tatu akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Hicho ni cha nani?"

Mikono ya Ogada ikasimama. Akakitazama kipande hicho hadi chai yake ikapoa.

Jioni alama za vidole vya Ogada kwenye glasi ya chai zikalingana na ile ya pasi, naye akakamatwa na kukubali kusema yote. Chepkosgei akaagiza Akeyo aletwe ofisini asikie mwenyewe. Alikuwa na haki hiyo.

"Wale maharamia walikuwa wavuvi," Ogada alisema. "Nchi yao haikuwa na wa kulinda bahari. Meli kama yetu ziliingia bila leseni, zikazoa samaki wote. Wakitusogelea na mashua zao, nahodha anatuamuru tukate nyavu zao. Siku moja wakarudi na bunduki. Kitu cha kwanza walichouliza ni nani alikata nyavu zao."

"Nani alikata?"

"Mimi na Sitati."

Akeyo aliinua kichwa.

"Sitati akamnyooshea Ooko kidole. Wakaniuliza mimi kama ni kweli. Nikasema ndiyo."

Chepkosgei, ambaye amesikia mengi katika kazi hii, akaweka kalamu chini. "Na Sitati?"

"Jana usiku nilimsihi anyamaze. Akasema amechoka kudanganya. Tulikula, akainuka kuchukua Biblia..."

"Na mimi ukaniacha nitiwe seli," Akeyo alisema. Hakupaza sauti. "Ooko alisema nini?"

"Alisema yeye ni mpishi tu. Kisha akatuangalia. Alingoja tuseme ukweli."

Inspekta akasaini karatasi za kumwachilia Akeyo. Akeyo akajifunga leso vizuri, akaenda hadi mlangoni, akageuka.

"Natasha anakuita baba," alisema. "Anakungoja nyumbani. Ameniuliza kwenye simu kama wewe ndiye utakuja kunitoa."