Matoroli Kumi ya Mihayo

Sogeeni, jamaa zangu wa Ngokolo hapa Shinyanga, nanyi mliorudi juzi kutoka machimboni. Hili linawahusu.

Jumapili moja, miaka hii ya hamsini, nyumba ya Mihayo huko Geita ilikuwa na furaha tele. Mkewe, Limi, alipakua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Makoye, mdogo wake Limi, alikuwa akimchezesha mtoto wao Nyamizi mlangoni. Wote walitoka Shinyanga. Mihayo ndiye aliyemtafutia Makoye kazi mgodini, akamwapia mama mkwe kwamba atamtunza kama mboni ya jicho.

Mihayo aliendesha gari la betri. Msishangae! Sisi tukikanyaga vumbi kwa miguu, chini ya ardhi kuna gari la umeme lisilokunywa petroli hata tone, likikokota matoroli ya mawe ya dhahabu juu ya reli. Ubavuni lilikuwa na kibati cha kiwandani kilichotaja nguvu zake: matoroli kumi.

"Kumi!" alisema Mihayo huku akitafuna. "Na wale Wagika wa zamu nyingine wanavuta matano kama wagonjwa. Kesho watanitambua."

Ah, Msukuma na ngoma yake! Mgodini zamu moja ilikuwa ya Wagalu, nyingine ya Wagika, vile vyama viwili vya ngoma visivyoacha kushindana, na ushindani wa uwanjani waliushusha nao hadi shimoni. Zamu iliyotoa mawe machache ilitungiwa wimbo wa kejeli. Mihayo, Mgalu wa damu, alikuwa ameshaimbwa kwa jina, na uchungu ulimkaa rohoni.

Limi akauliza, "Baba Nyamizi, hiyo kumi ni mahali gani? Ng'ombe wa baba asubuhi hulima udongo wa kichanga bila fimbo. Mchana, kwenye tope la mbugani, ni haohao, lakini hawaendi."

"Mama Nyamizi, hili ni gari, si ng'ombe. Kiwanda hakiwezi kuandika uongo kwenye chuma."

Kweli, uongo haukuwapo. Alipofundishwa kazi aliambiwa wazi: kumi ni kwenye reli tambarare, kavu, betri ikiwa imejaa; mwinukoni, mwisho matano. Lakini Mihayo alishika kumi, mengine akayaacha hapohapo.

Kesho yake, zamu ikikaribia kwisha, Wagalu walikuwa nyuma ya Wagika. Taa ya gari ilikuwa imeanza kufifia. Makoye, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga matoroli na kupanda la mwisho, alimsogelea Mihayo.

"Shemeji, betri imechoka. Tuchukue matano, halafu turudie."

"Tukiimbwa tena utanifuta machozi wewe? Funga kumi!"

Makoye alimheshimu shemeji yake. Akafunga.

Katikati ya mwinuko gari lilipunguza mwendo, likanguruma, likasimama. Kisha mzigo ukaanza kulivuta nyuma. Mihayo alikaza breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakaacha kuzunguka, lakini yakateleza tu juu ya reli zenye maji.

"Ruka, Makoye! Ruka!"

Masikini, hakuwahi. Matoroli yalimbana ukutani kwenye kona, akakata roho kabla hawajamtoa.

Walimrudisha Shinyanga kwa lori. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Siku ile mama yule alivunja mwiko. Alisimama mbele ya Mihayo, akamkazia macho.

"Mwanangu amekufa kwa ajili ya nini?"

Mihayo aliinamisha uso.

"Wimbo, mama."

Mama yule hakulia. Alimchukua Nyamizi mikononi mwa baba yake, akaingia ndani, na Limi akamfuata. Mihayo alirudi Geita peke yake.

FUNZO

Ukiambiwa gari lina nguvu hii au mwendo ule, usikimbilie kujisifu. Uliza: tambarare au mlimani? Limeshiba au limechoka? Namba haidanganyi, lakini haisemi yote, na mpenda sifa hana subira ya kuuliza yaliyobaki. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mara nyingi anayeanguka ni mtoto wa watu.