Kioo Kilichovunjikia Nje

Kioo kilikuwa kimevunjikia nje. Hilo ndilo jambo la kwanza fundi aliloliona, na lilimkera kabla halijamtisha, maana alikuwa mtu wa kukereka na kitu chochote kisichokaa mahali pake. Mtaani walimwita Milimita, na jina lilimfaa. Gari likivunjwa kioo na mwizi, au na watoto wanaocheza mpira, chenga huangukia ndani: kwenye kiti, chini ya kapeti, mpaka kwenye vimfuko vya nyuma ya viti vya mbele, na mwenye gari huendelea kuziokota mpaka achoke. Lakini gari hili jeusi, refu, la bei ya nyumba, lenye viti vya ngozi rangi ya maziwa, halikuwa na chenga hata moja kwenye kiti cha nyuma. Vipande vichache vilivyong'ang'ania kwenye mpira wa mlango vilikuwa vimeinamia nje vyote.

"Walirusha jiwe," dereva alisema kabla hajaulizwa.

"Aliyerusha alikuwa amekaa ndani?" fundi aliuliza.

Dereva akatoa simu mfukoni, akajifanya anaongea na mtu.

"Wewe Milimita!" Sauti ilitoka ndani ya karakana, mahali mkewe alipokuwa akipanga mipira ya madirisha. "Mtu kakuletea kazi, wewe unamfanyia upelelezi. Umekuwa askari tangu lini? Huoni wingu hilo? Ngozi nyeupe ile ikinyeshewa, utailipa wewe."

Huyo ndiye mkewe, na ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake haukujua likizo. Kila jambo alilibishia kwanza, akalikubali baadaye, na wakati mwingine hakulikubali kabisa. Wateja walimpenda kwa hilo, tena walimheshimu, kwa sababu katika karakana ile mwanamke huyo ndiye aliyekuwa kipimo cha mwisho. Kila kioo kikishafungwa, yeye aliingia kwenye gari, akafungiwa, na fundi akapiga maji kwa mpira kutoka nje. Mkewe alipitisha kiganja kwenye kingo zote, akategesha sikio, na kama kulikuwa na pa kupitisha hata pumzi ya sisimizi, aligonga kioo na kumtukana mumewe. Mafundi wengine walikuwa na vifaa vyao. Milimita alikuwa na mke, na kwa siri ya moyo wake hakutaka kitu kingine chochote duniani.

"Nifanyie haraka, fundi," dereva alisema. "Nitakuwa pale ng'ambo, kivulini."

"Kaa hapa, kuna benchi."

"Hapana, hapana. Nitakuwa pale." Akaondoka kwa mwendo wa kukimbilia, bila kuliangalia gari.

Fundi alifungua skrubu, akabandua kava la mlango, akafyonza chenga zilizodondokea ndani ya bati. Harufu ilimpiga hapo. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mbichi na wa baridi, ilhali ndani ya mlango hapakuwa na unyevu, vumbi tupu. Alipitisha kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. Akasafisha reli, akateremsha kioo kipya taratibu mpaka kikakaa kwenye mashine yake, akakaza nati.

Ili kukijaribu ilibidi awashe umeme wa gari. Mara dashibodi ikaanza kulia, ting, ting, ting, na kijitaa chekundu kikaonyesha abiria wa kiti cha nyuma, upande ule ule wa kioo, hajafunga mkanda.

"Mwambie afunge basi," mkewe alisema, akicheka.

"Ni hitilafu ya kiti. Magari ya kitajiri yana kelele kuliko wenyewe."

"Kelele hizo zitanipasua kichwa." Akainama ndani, akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akauchomeka. Mlio ukakoma. Fundi, akiwa amesimama na bisibisi mkononi, akauona mkanda ule ukijikaza polepole, ukatulia ukiwa umeachana na kiti, umekaa hewani kama unavyokaa juu ya kifua cha mtu. Kisha ukapanda kidogo. Ukashuka. Akapepesa macho, na mkewe akamgonga bega apite, na alipotazama tena ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea kidogo tu, jambo ambalo kiti chochote kinaweza kulifanya. Alijiambia hivyo.

Akabonyeza swichi. Kioo kikapanda vizuri, bila mkwaruzo, na kilipokaribia juu kikasita, kikarudi chini.

Magari ya aina ile, kioo chake kina akili: kikihisi kidole cha mtoto kwenye ukingo, hakikibani, hurudi. Fundi alikagua ukingo, hapakuwa na kitu. Akabonyeza tena. Kikapanda, kikasita pale pale, kikarudi. Akapaka mpira dawa ya kulainisha, akajaribu tena, na safari hii alitega sikio, akasikia, chini ya mlio wa mota, kitu kama kucha zikisugua kioo kwa ndani.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia mota. Na wingu linanguruma. Lazimisha, baba, lazimisha, tumalize."

Kulazimisha kila fundi anakujua. Unaishikilia swichi juu bila kuiachia, na akili ya kioo inanyamaza, kinapanda hata kama kuna nini. Ni kazi ya sekunde chache, na Milimita alikuwa ameifanya kwenye magari mengi kupita hesabu, kwa hiyo aliifanya. Kioo kikapanda, kikagota, mota ikalia kwa uchungu, kisha kikapenya mpaka juu na kukaa, na ndani ya gari, jamani, kitu kilishusha pumzi.

Mkewe hakuisikia, kwani tayari alikuwa ameshazunguka kupitia mlango wa pili, akifanya mzaha na kiti kama anavyofanya mzaha na kila kitu. Akachomoa mkanda. "Haya mgeni," alisema, "umekaa vya kutosha. Nipishe kiti na mimi nikae." Akaketi pale pale, akavuta mlango, ukafunga kwa mlio mzito, na sauti yake ikakatika.

Fundi alichukua mpira wa maji. Alipiga maji juu, akashuka pembeni, na kupitia kioo kilichokuwa kikitiririka alimwona mkewe akipitisha kiganja kwenye ukingo kama siku zote, mdomo ukienda, bila shaka ukimsema yeye. Kisha kiganja kikasimama. Mkewe akageuza kichwa taratibu kutazama upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, na mdomo ule ambao haukujua likizo ukafunga, ukafunguka, na kioo kikaingia ukungu kwa ndani, ukungu mzito uliotanda kuanzia chini kwenda juu mpaka akamezwa mzima, na fundi akautupa mpira wa maji ukijinyonganyonga sakafuni, akakimbilia kitasa, akakivuta, kikagoma, akakivuta kwa mikono miwili na mguu umekanyaga bati la gari la tajiri, akimwita mkewe kwa jina la chumbani ambalo hakuwahi kulitamka mbele za watu, na hakujibiwa hata kwa kugongewa.

Mlango ukafunguka kwa ndani, kwa ulaini.

Mkewe alitoka. Akasimama, akajinyoosha kanga, akatabasamu.

"Hakivuji," alisema.

"Nini kimetokea humo? Mbona kioo kimeingia ukungu? Nimekuita!"

"Hakuna kitu, mume wangu."

"Nakwambia mlango uligoma!"

"Sawa, mume wangu."

Dereva alirudi, akatazama kioo kipya, akatazama anga, akashukuru harakaharaka na kuondoka na gari wakati matone ya kwanza yanaanguka. Fundi hakumsindikiza kwa macho. Alikuwa anamtazama mkewe, ambaye alikuwa amesimama katikati ya karakana, mikono imelala pembeni, hasemi kitu. Mvua ikaanza kupiga bati, na yeye hakuilalamikia.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, sebule na chumba. Jioni ile fundi aliketi sebuleni akijaribu kucheka na nafsi yake. Mwanamke kanyamaza, wanaume wangapi wanaiomba siku hiyo? Alimchokoza makusudi. Akasema chai haina sukari. "Sawa, mume wangu." Akasema kesho atamleta mama yake akae nao mwaka mzima, neno ambalo siku zote lilileta vita. "Sawa, mume wangu." Mkewe alinyanyuka, akaenda dirishani, akalifunga, akapitisha kiganja kwenye kingo zote taratibu. Akaenda la pili, akafanya vivyo hivyo. Akafunga mlango wa nyuma, akachukua tambara, akaliziba chini ya mlango kwa vidole, kwa uangalifu sana, mpaka pakawa hapapiti hata upepo. Sebule ikajaa harufu ya udongo mbichi.

"Joto, mama," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Acha hewa iingie."

"Hewa ndiyo inayotutoa," mkewe alijibu.

Simu ikalia. Alikuwa dereva. Fundi akaiweka mezani na kuifungulia sauti.

"Fundi." Dereva alikuwa ananong'ona, na nyuma yake mvua ilikuwa inanyesha. "Fundi, shemeji yuko wapi?"

"Yuko hapa nyumbani."

"Una hakika?"

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anabonyeza tambara chini ya mlango.

"Nisamehe, ndugu yangu," dereva alisema, na sasa alikuwa analia. "Nilikudanganya. Kioo tulikivunja wenyewe, kwa ndani. Kuna kitu kiliingia kwenye gari, tajiri hakukaa tena nyuma, watoto wake hawakukaa. Akaletwa mganga, akasema kivunjeni, muache wazi, kitatoka chenyewe kikitaka, na msizibe kabla hakijatoka. Mkikifungia kitatoka kupitia mlango wowote kitakaoupata, hata kama ni mtu, na mtu huyo atabaki humo garini badala yake. Mimi nikaona mvua, nikaogopa viti vitaharibika, nitafukuzwa kazi. Nikadhani kimeshatoka. Wallahi nilidhani kimetoka."

"Uko wapi?"

"Kando ya barabara. Nimeshuka, nimesimama mbali. Kuna mwanamke ndani ya gari, fundi. Simwoni, kiti ni kitupu, lakini anapiga kioo, kile kipya, na anasema. Anasema bila kupumzika."

"Anasema nini?"

"Anakutukana. Anasema Milimita wewe, mwanamume gani unamsahau mkeo ndani ya gari la watu, fungua mlango, kiti hiki kina baridi, ukifika nyumbani utanitambua."

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakamtoka, kwa sababu hapo alimjua. Duniani hakuna aliyemtukana hivyo ila mmoja tu.

"Vunja kioo!" alisema. "Dereva, tafuta jiwe, tafuta spana ya magurudumu, chochote, kivunje sasa hivi! Kioo nitakuwekea kingine, kazi nitakutafutia nyingine, niokolee mke wangu!"

"Nimeshaishika spana. Niambie tu nipige wapi."

"Piga! Piga pembeni chini, kwenye kona, hapo ndipo..."

Mkono wa baridi ulipita juu ya bega lake na kutua kooni, kwa ulaini kabisa, vidole vikitembea kwenye koromeo kama vilivyotembea kwenye kingo za madirisha, vikitafuta pa kupitisha pumzi, na vilipopaona vikapabonyeza, na neno alilokuwa analisema likaishia kifuani. Alifungua mdomo. Akajaza mapafu, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamsimama, na sebule ikabaki kimya.

"Fundi?" dereva aliita. "Fundi, nipige?"

Mwanamke aliinama juu ya simu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya Milimita mwenyewe, sauti ya kiume, iliyotulia, ya mtu anayejua kazi yake.

"Usipige, dereva. Nilipagawa tu. Mke wangu huyu hapa, nimemshika mkono. Hicho kinachosema humo ni hicho hicho kiovu chenu, kinakuchezea akili ukifungulie. Rudi kwenye usukani, funga milango, endesha. Atalia, atakubembeleza, usigeuke nyuma."

Fundi alijitupa kuelekea mezani, na mkono ule ukamrudisha kitini bila shida.

"Sawa, fundi," dereva alisema. "Mungu akubariki."

Spana ikasikika ikitupwa kwenye lami. Mlango ukafunga kwa mlio mzito, gari likawaka, na kabla simu haijakatika fundi alimsikia mkewe kule nyuma akiacha kutukana, akianza kuomba.