Duarani Hatuitani Majina

Waliokuwapo Ilunda jioni ile nitawataja kwa majina yao. Amosi Yakobo Kitundu, mwenye leseni ya machimbo. Mathayo Elia Shani wa Misigiri, mzungusha winchi. Evodia Mkumbo, mjane, aliyeosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Anselm Gwau, mchimbaji, Mnyaturu wa Mungaa. Simeoni Hezekia Msengi, mchimbaji, mwanangu wa mwisho. Na mimi, Hezekia Msengi, mwalimu mstaafu.

Hao ni sita. Wengine waliokuwapo siwezi kuwataja.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023. Juma lile ndama wangu wa pili alikuwa amekufa huku akitetemeka. Kiangazi kilikuwa kimekausha kijito chetu, na ng'ombe walikunywa maji yaliyovuja kutoka bwawa la kuoshea dhahabu. Nilichukua chupa tupu ya soda nikachote maji yale, ili Simeoni ayapeleke wilayani yakapimwe. Nilifika machimboni jua likizama.

Duara la Ilunda si shimo jipya. Wazungu walilichimba kabla ya vita ya pili, nalo likabomoka na kuwafunika vibarua kumi na tisa. Baba yangu alikuwa akibeba magogo pale. Alinisimulia kwamba karani aliandika "Watu 19", kisha akafunga daftari. Hakuandika jina hata moja. Ndiyo maana mimi, kwa miaka yote niliyoshika chaki, sikumwita mtoto kwa jina nusu.

Amosi alilifungua upya mwaka uliotangulia, dhahabu ilipopanda bei. Tangu siku ya kwanza wachimbaji waliweka mwiko: aliye chini haitwi jina. Kila aliye chini anaitwa Mwenzetu. Wa juu anaita, "Mwenzetu!" na wa chini anavuta kamba. Mara moja, yu mzima. Mara mbili, apandishwe. Walisema wale kumi na tisa bado wanatafuta majina. Mimi niliona ni ushirikina, tena ni dharau. Mtu ana jina.

Mdomoni pa duara hapakuwa na mtu. Shati la Simeoni lilining'inia kwenye nguzo ya winchi. Kamba ilikuwa imeshuka. Pampu ya hewa ilikuwa kimya.

Nikainama nikaita.

"Simeoni Hezekia Msengi!"

Harufu ikapanda kutoka chini, kama ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni miaka mingi. Halafu sauti ya mwanangu...

"Naam, tata."

Tata ni baba kwa Kinyiramba. Simeoni huniita hivyo nyumbani tu. Mbele ya wenzake sijawahi kumsikia.

"Panda," nikasema. "Nina kazi nawe."

"Nishushie mkono, tata."

Nilipiga goti ukingoni. Shimo lile lina mita thelathini, lakini sauti ilikuwa karibu, kana kwamba msemaji amesimama kwenye ngazi ya tatu. Nikanyoosha mkono gizani. Kulikuwa na baridi.

"Shikamoo, baba," mtu akasema nyuma yangu. "Unaongea na nani?"

Nikageuka. Simeoni alikuwa amesimama kifua wazi, na ndoo ya maji begani. Evodia alikuwa nyuma yake.

Sikuitikia shikamoo yake. Ni mara ya pekee maishani mwangu.

Mathayo akatokea vichakani akifunga mkanda. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye ngiri, ambaye hakuwahi kushuka duarani hata siku moja, na wenzake walimtania kwa hilo.

"Mwalimu," akasema polepole, "umeita jina?"

"Nimeita."

"Lote?"

"Lote."

Evodia akaweka beseni chini. "Mungu wangu," akanong'ona. "Na chini yuko Anselm."

Hapo ndipo nilipoelewa. Simeoni alikwenda kumchotea Evodia maji, na Anselm akashuka kushika zamu ya Simeoni. Mathayo akashika kamba. "Mwenzetu!" Hakuna jibu. "Mwenzetu, vuta!" Kamba haikucheza. Akazungusha winchi, kamba ikapanda tupu.

Amosi alifika na pikipiki wakati huohuo. Simeoni akamuuliza kwa nini pampu imezimwa.

"Petroli imekwisha tangu saa kumi na moja," Amosi akasema. "Nilijua anapanda muda si mrefu."

"Ulijua nini? Kule chini hewa haipo!"

"Usinipigie kelele, wewe. Shuka umtoe. Zamu ni yako."

Simeoni akaanza kujifunga mkanda wa kamba. Nikamshika mkono. Nilikuwa na watoto watano. Aliyebaki hai ni huyu. Kutoka chini ikasikika tena sauti yake, taratibu, kama mtu anayejizoeza kusema.

"Simeoni... Hezekia... Msengi..."

Sote watano tuliisikia. Simeoni mwenyewe alijishika koo.

"Mwangwi huo, mzee," Amosi akasema, lakini alirudi nyuma hatua mbili.

"Jina lake wanalo," Evodia akasema. "Akishuka nalo hapandi. Ashuke mwingine."

Mwingine hakuwapo. Mwenye nguvu za kumbeba Anselm alikuwa Simeoni peke yake. Nilimwambia asishuke. Nilimwambia mbele ya watu, nami si mtu wa kuomba.

"Baba," akanijibu, "Anselm angenifuata."

Mathayo alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki, ananyonya petroli kwa mpira na kuijaza kwenye pampu. Akatema mate, akacheka kidogo.

"Chukua jina langu, kijana. Lina miaka hamsini na halijafanya kazi hata siku moja. Wakikuuliza, wewe ni Mathayo."

"Usifanye mzaha," Evodia akamwambia.

"Simfanyii mtu mzaha. Mimi sishuki, watanipata wapi? Wamwite Mathayo mpaka wachoke."

Simeoni akaning'inia ukingoni. Evodia akaniambia kwamba kwa kuwa ni mimi niliyeita jina la kwanza, ni mimi ninayepaswa kuita la pili. Basi nikainama.

Ningeweza kusema Mathayo tu. Ingetosha. Akina Mathayo ni wengi Iramba nzima.

"Anayeshuka," nikasema kwa sauti ya darasani, "ni Mathayo Elia Shani, wa Misigiri."

"Mwalimu!" Amosi akafoka. "Unaita mahudhurio?"

Nilimwona Mathayo akiacha kucheka. Alishika mpini wa winchi, akaanza kuzungusha, na Simeoni akazama.

Pampu iliguruma. Hatukusikia kitu kingine. Nilihesabu mizunguko ya winchi hadi arobaini. Kisha pampu ikakohoa... ikakohoa tena... ikazimika.

Katika ukimya ule tulisikia midomo. Si sauti moja. Ilikuwa kama darasa la watoto wanaofundishwa silabi.

Ma.

Tha.

Yo.

Kamba ikavutwa mara mbili.

Tulizungusha winchi sote wanne, hata mimi. Wa kwanza kutokea alikuwa Anselm, amefungwa kifuani, midomo ya bluu. Tukamfungua, tukashusha kamba tena. Ilikaa chini muda mrefu. Sitaeleza muda ule. Ikavutwa mara mbili, na Simeoni akapanda, mzima, akitapika. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili. Sikumwita jina.

Anselm alizinduka tukimpepea kwa kanga ya Evodia.

"Nani alikuwa amenishika mkono?" akauliza.

"Simeoni," Evodia akamjibu.

"Hapana. Kabla yake. Alikuwa ananiuliza jina, mpole kabisa. Nikamwambia mimi ni Mwenzetu. Akaniambia, hata sisi."

Ijumaa alikuja afisa wa madini, kijana msomi mwenye adabu. Alishusha kipimo chake duarani, akatuonyesha kwamba hewa ya chini haitoshi hata kuwasha kiberiti. Alisema mtu akikosa hewa ubongo humdanganya. Alisema pia kwamba mahandaki ya zamani yanatokeza karibu na bwawa, kwa hiyo huenda Simeoni aliitika kule na sauti ikatufikia kwa chini. Nilimuuliza Simeoni. Alisema hakunisikia nikimwita, wala hakuitika. Afisa akaandika kitu, akaamuru duara lifungwe. Maji ya chupa yangu nayo yalipimwa, na zebaki ilikuwamo nyingi. Daktari aliniambia zebaki huvuruga akili. Lakini mimi sijawahi kunywa maji yale. Nina kisima changu.

Nilitaka kuyakubali maelezo ya kijana yule. Nimefundisha sayansi miaka kumi na minane.

Jumapili baada ya ibada Mathayo alikuja kwangu. Alikataa kiti.

"Shikamoo, mwalimu. Jana jioni ulikuja nyumbani?"

"Marahaba. Sikuja."

"Juzi je?"

"Sikuja. Kwa nini?"

Aliangalia kofia yake. "Kuna mtu anapita nyuma ya nyumba jua likizama. Ananiita majina yote matatu, na kijiji. Sauti ni yako kabisa. Mke wangu naye ameisikia, akasema, kamfungulie mwalimu."

"Usiitike, Mathayo."

Nilisikia nilichosema. Lilikuwa jina nusu, la kwanza nililowahi kumwita mtu tangu nianze kazi. Naye alilisikia, akatabasamu kwa huzuni.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha darasa la tatu. Ukiniita, nitaachaje kuitika? Nilishaitika tangu Ijumaa."

Nilimwambia alale kwangu. Alisema ana mbuzi wa kufungia. Nilimsindikiza hadi njia panda, tukaachana.

Jumanne, tarehe 17 Oktoba, saa moja asubuhi, Simeoni alinipigia simu. Mathayo Elia Shani alikuwa amefariki kitandani kwake, Misigiri.